Meno Manne ya Khamisa

Alhamisi, 2 Aprili 1970

Daktari Alfani amenipa madaftari mawili. Moja ni lake: niandike kila jino tunaloliziba kwa dawa mpya itakapofika, la nani, siku gani, na limekaaje. La pili amesema nilifanye nitakavyo. Nitaandika mambo yangu humu. Mama hajui kusoma, na mwingine wa kumficha sina tena.

Mvua bado. Hapa Diani leo hata upepo wa baharini unapuliza moto.

Jumatatu, 6 Aprili

Dawa imefika kutoka ng'ambo. Ni vikopo viwili vidogo, kila kimoja si kikubwa kuliko kikombe cha kahawa, na Daktari alivibeba kama mtu aliyebeba mayai.

Dawa tuliyokuwa tukizibia meno ya mbele ilikuwa ikilika na mate, mwaka hauishi imeshabadilika rangi na kuachia. Ile ya fedha na zebaki ni imara lakini ni nyeusi, na hakuna atakaye kucheka na meno yenye rangi ya sufuria. Hii mpya ina rangi ya jino hasa.

Alinieleza kwa kirefu, maana akiwa na jambo la kueleza husahau kwamba mimi ni msaidizi tu. Ndani mna vitu viwili. Kimoja ni utomvu uliotengenezwa na watu wa kemia, mzito kama asali. Cha pili ni unga wa jiwe jeupe, jiwe la jamii ya kioo, uliosagwa mpaka ukawa laini. Unga ndio mwingi, karibu sehemu tatu kwa moja. Utomvu peke yake ungekuwa dhaifu, tena ungesinyaa sana wakati wa kuganda. Unga ndio unaoupa nguvu ya kutafunia chakula. Na kila chembe ya unga imepakwa kitu cha kuishikanisha na utomvu, ama sivyo chembe zingebanduka kama kokoto katika ukuta uliojengwa vibaya.

"Na vikopo viwili ni vya nini, Daktari?"

"Kila kimoja peke yake hukaa mwaka mzima hakina neno. Ukivichanganya nusu kwa nusu una dakika tatu za kufanya kazi. Kwa joto hili, mbili."

Kwa hiyo vinakaa ndani ya friji ya mafuta ya taa. Kijiko chake ni cha plastiki, kwa sababu jiwe lile hukwangua chuma na dawa ikageuka kijivu. Upande mmoja wa kijiko ni wa kikopo cha kwanza, upande wa pili ni wa kikopo cha pili.

"Ukichovya upande mmoja kotekote," akasema, "kikopo kizima kitaganda, na wewe utakwenda kwenu Kinondo usirudi."

Hakuwa akitania. Sijapata kumwona akitania.

Jumatano, 8 Aprili

Jumatano ni siku ya watu wa bure. Leo alikuja Chome, mchunga ng'ombe wa Kinango, jino limeoza karibu kufika kwenye uhai wake, penye mishipa. Sindano za ganzi ni za watu wa hoteli. Mimi nilikanyaga kekee kwa mguu, Daktari akachimba, Chome akashika kiti mpaka vidole vikawa vyeupe.

Kabla ya kuziba hutandikwa chokaa maalumu chini ya tundu, ili dawa isiguse uhai wa jino. Nilikuwa nimeshaikoroga. Daktari akanizuia mkono.

"Huyu usimtandikie. Nataka kuona."

Nikaifuta. Nikaandika katika daftari lake: Chome, bila chokaa.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua ya kwanza. Njia ya Kinondo yote matope.

Jumanne, 14 Aprili

Asubuhi nilimtuliza bibi mmoja jino lake kwa mafuta ya karafuu, kama tunavyofanya siku zote, kisha bila kunawa nikachanganya dawa mpya kwa ajili ya mzungu wa hotelini. Dawa haikuganda. Daktari alingoja dakika tano, akaigusa, ikamfuata kidole kama uji. Aliupiga kofi ubao wangu wa kuchanganyia ukaruka mpaka ukutani, mzungu yule akiwa kitini mdomo wazi.

Baadaye, kwa sauti ya chini, akanieleza. Mafuta ya karafuu huuzuia utomvu usigande. Yakibaki kidogo ndani ya tundu, dawa hukauka kwa juu, ikang'aa, ikamdanganya kila mtu, na kumbe chini ni laini. Jino halishikwi na kitu. Siku chache tu, kitu chote kinatoka.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Daktari."

Jumatano, 22 Aprili

Chome amerudi. Shavu limevimba, jicho moja limefumba kabisa. Alitembea sehemu kubwa ya njia kutoka Kinango kwa sababu basi lilikwama. Daktari aling'oa jino, usaha ukatoka, harufu yake mpaka sasa imo puani mwangu.

"Sasa tunajua," akasema Daktari, ananawa. "Tundu likiwa refu, chokaa ni lazima."

Chome alinishika mikono miwili akashukuru. Anadhani tumemwokoa. Nilimpa pamba ya kuuma nikafungua mlango.

Jumamosi, 2 Mei

Mama alisubiri nimalize kula ndipo akaniambia: Mbwana anaoa. Msichana wa Mkwiro, kisiwani. Mwezi wa Mfungo Saba, baada ya Maulidi.

Nilikaa na Mbwana miaka saba, Msambweni, katika nyumba ya mama yake. Yeye ni fundi cherehani. Katika miaka hiyo sikuzaa, na kila mwezi Bi Mwanasha, mama yake, alikuwa akijua siku zangu kabla sijazijua mimi, akizitangaza kwa majirani. Mwaka jana Mbwana alinipa talaka ndani ya bahasha, wakati napepeta mchele. Sikumlaumu. Nilimlaumu mama yake. Mwenyewe alikuwa analia.

"Ana miaka kumi na tisa," alisema Mama. "Wanasema ni mzuri ila haonyeshi meno."

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu masika kuanza.

Jumapili, 3 Mei

Mvua kutwa.

Jumatatu, 11 Mei

Ningejua wanakuja, ningesema naumwa.

Walikuja watatu: Bi Mwanasha mbele, nyuma yake shangazi wa msichana, na nyuma kabisa msichana mwenyewe, Khamisa. Bi Mwanasha alinitazama kama mtu anayetazama sahani aliyokwisha kulia.

"Kumbe ndipo ulipo," akasema. Kisha kwa Daktari, "Shikamoo daktari, ingawa u mdogo wangu. Ilimu haina umri. Nimekuletea huyu. Mwana wangu amempenda, mimi sijakataa, lakini tazama."

Akamshika msichana kidevu, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, pale pale mlangoni, mbele ya wagonjwa sita waliokaa kwenye benchi. Meno manne ya mbele yameoza pembeni, meusi, mawili ya katikati yamebaki kama magome. Mgonjwa mmoja akaguna. Khamisa hakujitoa. Alifumba macho tu, machozi yakapita chini ya kope.

"Bibi harusi gani huyu?" akasema Bi Mwanasha. "Watu watasema nimemwozea mwanangu mwanamke wa meno ya mkaa. Yakitengezeka, harusi ipo. Yasipotengezeka, ende zake Mkwiro akale pweza."

Daktari alitazama kwa kioo, akafurahi waziwazi. Meno ya mbele manne kwa mpigo mmoja, msichana mdogo, fizi safi. Akasema vikopo vimekaribia kwisha, vingine vitafika mwanzoni mwa Juni, aje siku tatu kabla ya harusi.

Nami nilikuwa nikimtazama shingo. Ni nzuri. Mikono yake ina makovu ya matumbawe. Nikasema moyoni, mshamba wa kisiwani, huyu ndiye aliyekuja kulalia mto wangu. Nilifurahi kuona Bi Mwanasha alivyomfanya. Naandika ukweli, nilifurahi.

Jumatatu, 18 Mei

Maulidi. Sikwenda.

Jumatano, 27 Mei

Watu wa bure kumi na mmoja. Mvua imetoboa paa juu ya benchi, wanakaa wamejikunja upande mmoja. Meno yanayozibwa lazima yawe makavu kabisa, tone moja la mate linaharibu, na hewa yenyewe siku hizi ni maji. Daktari ananipigia kelele za pamba, pamba, pamba.

Alhamisi, 4 Juni

Vikopo vipya vimefika. Mama ameniuliza mara tatu kama ni kweli mimi ndiye nitakayemtengeneza msichana yule. "Na wewe unakubali?" Nikamwambia ni kazi. Akasema, "Ningekuwa mimi ningemtia shubiri." Akaendelea kukuna nazi.

Jumanne, 9 Juni

Nataka niandike kila kitu kama kilivyokuwa, nisije baadaye nikajipunguzia.

Khamisa alikuja na shangazi yake saa tatu. Bi Mwanasha hakuja, alikuwa akishughulikia mapishi. Daktari ana mafua tangu Jumapili, pua imeziba, macho mekundu. Khamisa alichomwa sindano ya ganzi, maana Bi Mwanasha alitaka kazi nzuri, lakini haikumshika vizuri. Nilikanyaga kekee karibu saa nzima. Khamisa hakulia. Matundu manne, mawili ya katikati marefu sana. Daktari akaniambia, "Yakaushe, utandike chokaa yote manne, mimi nakuja," akaenda nje kumsalimu bwana wa hoteli aliyesimamisha gari.

Nikabaki naye. Shangazi alikuwa nje kwenye benchi.

Khamisa akafungua macho. "Dada," akasema, maneno yamevunjika kwa sababu ya pamba, "lauma sana. Nitapendeza?"

Kama asingeuliza hilo, sijui. Labda ningetandika chokaa. Nilimwona moyoni amevaa leso mpya, Mbwana ameketi kando yake kwenye kiti kile kile alichoketi na mimi, na Bi Mwanasha anapiga vigelegele. Nikamwambia, "Utapendeza."

Chupa ya karafuu iko rafu ya chini. Nilichovya pamba. Nikafuta tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Polepole, mpaka pembeni. Chokaa sikuitia. Nilifanya kazi nzuri kuliko siku zote.

Akashusha pumzi. Karafuu hutuliza, ndiyo kazi yake. "Ah," akasema. "Limetulia. Ahsante, dada. Una mkono wa huruma."

Daktari akarudi. "Chokaa?"

"Tayari."

Nikachanganya nusu kwa nusu, upande huu na upande huu. Yeye akajaza, akazungushia ukanda mwembamba wa plastiki, akabana kwa vidole. Tulihesabu dakika. Alipoondoa ukanda meno yalikuwa yaking'aa, meupe, mtu asingejua jino linaishia wapi na dawa inaanzia wapi. Daktari alisimama nyuma akayatazama kama baba. Nilimletea Khamisa kioo.

Alijitazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka, meno yote nje, akaziba mdomo kwa mazoea, akakumbuka, akauondoa mkono. Shangazi yake alilia.

Katika daftari la Daktari nimeandika: Khamisa, meno manne ya mbele, chokaa yote.

Jumatano, 10 Juni

Amekuja tena, peke yake, safari hii kwa ajili yangu. Ameniletea pweza mkavu aliyefungwa kwa ukindu. Tulikaa nyuma ya kliniki.

"Bi Asiya," akasema, "najua wewe ni nani. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Naingia nyumba uliyotoka wewe. Sikukutoa mimi, lakini naingia. Sitaki kuingia na kinyongo cha mtu."

Akaongeza, "Na yule mama ni mkali. Wewe ulikaaje naye miaka saba?"

Nilikuwa na siku mbili. Ningeweza kumwambia, rudi ukae kitini, kuna kitu nimekosea, tutachimba upya. Daktari angenifukuza, basi. Nilimtazama meno yale akizungumza, na akizungumza sasa hafichi, na nikaona jinsi alivyo mzuri, na sikuweza.

"Radhi nimekupa," nikamwambia.

Akanibusu mkono. Nimempa Mama pweza yule ampike. Mimi sikula.

Ijumaa, 12 Juni

Harusi ni leo, Msambweni, kwa shangazi yake Khamisa. Nimekaa nyumbani. Hakuna habari.

Jumamosi, 13 Juni

Jirani yetu alikwenda. Anasema bibi harusi alimeta. Meno ndiyo yaliyosemwa na kila mtu. Bi Mwanasha alimpitisha kwa wageni akimwambia, "Cheka, mwanangu, cheka wakuone."

Yameshika. Nimekasirika, na papo hapo nimeshukuru Mungu. Sijui ipi ilitangulia.

Jumatano, 17 Juni

Yameshika bado. Labda nilipaka kidogo. Labda Daktari hajui kila kitu.

Ijumaa, 19 Juni

Yametoka.

Habari imefika kwa yule yule jirani, na Kinondo yote inayo. Jana, siku ya saba ya harusi, wageni wa kiume walikuwa wakila uani na bibi harusi ameketishwa ndani pamoja na wanawake. Aliuma mkate wa kumimina. Mawili ya katikati yakabaki kwenye mkate. Mazima, meupe, yamesimama kwenye mkate kama yalivyo. Watoto ndio walioona kwanza. Mmoja alikimbia nayo uani akiwaonyesha wanaume. Mbwana alikuwa kati yao.

"Akafanya nini Mbwana?" nikauliza.

"Alicheka," akasema jirani. "Wote walicheka. Yeye alicheka mpaka akakohoa."

Mama alicheka pia, hapa hapa jikoni, akajipiga mapaja.

Jumatatu, 22 Juni

Bi Mwanasha amemrudisha kwa shangazi yake. Anasema ameuziwa mbuzi mgonjwa. Anasema msichana alijua meno ni ya bandia. Ila yeye mwenyewe ndiye aliyemleta!

Alhamisi, 25 Juni

Walimleta Khamisa leo amelazwa kwenye gari la kubebea nazi. Mdomo wa juu umevimba mpaka puani, homa kali, macho hayafunguki vizuri. Tulifanya kazi saa mbili. Magome yaliyobaki ya yale mawili ya katikati hayakuwa ya kuponyeka, usaha umefika kwenye mizizi yote miwili. Daktari aliyang'oa. Mimi nilimshika kichwa. Alipoanza kuvuta la pili Khamisa alitafuta mkono wangu kwenye kiti, akaupata, akaushika mpaka mwisho. Mkono wangu, nao ndio uliompaka.

Mawili ya pembeni Daktari alichimbua dawa iliyokuwamo ili aweke nyingine. Juu ngumu. Chini ikatoka kwenye ncha ya chombo kama ute. Akaitazama. Mafua yake yamepona. Akaiinua mpaka puani.

Kisha alimtandikia Khamisa chokaa kwa mkono wake, akaziba kwa mkono wake. Walipoondoka akafunga mlango.

"Ulifanya makusudi," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya mwanamume?"

Nilikuwa nikingoja anifukuze. Niseme kweli, nilikuwa nikitamani anifukuze, hata anipige. Akakaa, akachukua daftari lake akalisukuma mbele yangu.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Khamisa wa Mkwiro. Dawa haikushika kwa sababu mgonjwa hakufuata maagizo. Alikula vitu vigumu siku ya kwanza. Hakusafisha kinywa." Akangoja nimalize. "Watu watatu wa hoteli wanakuja Jumatatu kuzibwa meno ya mbele. Nikikufukuza leo watauliza kwa nini, na dawa hii itapata jina baya pwani nzima. Dawa haina kosa. Ni nzuri kuliko zote nilizozijua. Sitaiharibia jina kwa wivu wa mwanamke. Utakuja kazini kama kawaida, na utanyamaza."

"Na yeye je?"

"Yeye nani?"

Hakuwa akijifanya. Kweli alikuwa hajui ninamsema nani.

Ijumaa, 26 Juni

Nimekwenda kazini kama kawaida.

Jumatatu, 29 Juni

Watu watatu wa hoteli. Wameridhika sana.

Jumapili, 5 Julai

Mvua zimekwisha, kuna baridi ya asubuhi. Saa nne Mbwana alipiga hodi.

Mwaka na zaidi sijamwona uso kwa uso. Amenenepa kidogo. Mama alimtandikia mkeka mpya upesi kama aliyekuwa amemtazamia. Akasalimu vizuri, akamwita Mama "mama" kama zamani. Kisha akaanza. Amekosea. Mama yake naye ameona amekosea, sasa anasema afadhali mwanamke asiyezaa kuliko kibogoyo. Talaka yetu ilikuwa moja tu, tukifunga ndoa upya hakuna atakayelaumu. Yule wa Mkwiro amemwacha kwa shangazi yake, atamwandikia karatasi akipata nafasi.

"Akipata nafasi," nikasema.

"Si haraka. Ataolewa na nani, Asiya? Ulimwona?" Akaanza kucheka. "Lau ungekuwapo siku ile! Meno kwenye mkate! Mimi sikuweza kujizuia wallahi." Akanionyesha kwa vidole viwili jinsi yalivyosimama. Alionyesha vizuri. Mama akacheka naye.

Miaka saba niliamini ni mama yake. Nilimtazama akicheka na nikakumbuka siku ilipotoka mimba yangu moja ambayo haikufika hata miezi miwili, mimi niko chooni, yeye na mama yake uani. Nilisikia wakicheka nikadhani wanacheka jambo lao. Nilijifunza kudhani hivyo.

"Nenda kwako, Mbwana," nikasema.

Mama alinishika mkono. "Una wazimu? Kitu ulichokuwa ukikililia mwaka mzima!"

"Nenda."

Mbwana alitoka. Mama amelala amenigeuzia mgongo, na bado ni mchana.

Jumamosi, 11 Julai

Nimekwenda Mkwiro. Baba yake Khamisa alikuwa amemchukua kutoka kwa shangazi. Nilipanda basi mpaka Shimoni, nikavuka.

Nilimkuta uani anasuka ukili. Uvimbe umekwisha, na pale katikati ni pengo. Aliponiona akainuka, akanikaribisha, akaniwekea kigoda. Alifurahi! Akamwita baba yake. "Baba, huyu ndiye Bi Asiya. Ndiye aliyenishika mkono."

Nikamwambia ngoja. Nikamwambia yote: pamba, karafuu, chokaa nisiyoitia, radhi niliyompa siku ya pili nikijua, daftari nililoandika uongo. Sikumwambia sababu. Anaijua.

Alisikiliza bila kuacha kusuka. Kisha vidole vikasimama.

"Nilisikia harufu ya karafuu," akasema. "Nilisema, huyu dada amenionea huruma, ameniwekea kitu nje ya dawa ya daktari."

Baba yake, mzee mdogo wa mwili, alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwanangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

Khamisa akainuka. Akaenda kwenye ua wa jirani, nikasikia anaita majina. Wakaja wanawake saba au nane, wengine mikono ina unga. Akawapanga kando yangu.

"Sema tena," akaniambia. "Wasikie. Hapa wanasema nilikuwa mchafu wa kinywa."

Nikasema tena. Mara ya pili ni vigumu kuliko ya kwanza. Mwanamke mmoja alinitemea mate, yakanipata shavuni, na hakuna aliyemkataza. Mimi sikuyafuta.

"Jumatatu," akasema Khamisa, "utasema Msambweni."

Jumatatu, 13 Julai

Asubuhi nilimwambia Daktari naacha kazi. Akasema atanitangaza pwani nzima kuwa mimi ndiye niliyeharibu.

"Utakuwa umesema kweli," nikamwambia. "Ndilo ninalokwenda kulisema."

Hapo ndipo alipoogopa. Aliniomba, Daktari Alfani aliniomba, nisitaje kliniki. Niliacha koti jeupe juu ya kiti cha wagonjwa nikatoka.

Uani kwa Bi Mwanasha walikuwapo yeye, Mbwana, Khamisa, baba yake na shangazi yake, na majirani waliojileta wenyewe. Nilisema kila kitu nimesimama jua la saa sita. Nilitaja kliniki. Nilipomaliza Bi Mwanasha akageuka upesi, kama mtu anayegeuza nguo upande safi.

"Basi kumbe mwanangu hana kosa! Khamisa, ingia ndani mama, hapa ni kwako. Huyu tasa ndiye shetani, nilijua siku zote. Mbwana, mpokee mkeo."

Mbwana akasogea, anatabasamu.

"Sikuja kuingia," akasema Khamisa. Hakuinua sauti, na pengo lake lilionekana kwa kila neno. "Nimekuja ili mjue. Tena nimekuja kuchukua talaka yangu. Ulicheka, Mbwana. Meno yalitolewa na huyu, lakini kucheka ulicheka wewe. Andika. Nangoja hapa."

Mbwana alimtazama mama yake. Bi Mwanasha alikuwa anatazama majirani. Ilichukua muda kupata karatasi. Mbwana aliandikia juu ya meza ya cherehani, na Khamisa alisimama karibu naye mpaka akatia sahihi, kisha Khamisa akaichukua, akampa baba yake amsomee, akaikunja.

Nikawafuata mpaka njiani. Nilitaka kumwambia kwamba Mombasa kuna mahali wanatengeneza meno ya kuvaa, kwamba nitafanya kazi yoyote. Alisimama kabla sijafungua mdomo. Akanitazama sana, bila hasira niliyoitarajia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sikusamehe, Bi Asiya," akasema. "Usije ukamwambia mtu kwamba nilikusamehe. Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, mrefu kuliko wetu sote, na akili yako asiichukue hata siku moja."

Baba yake na shangazi yake wakaitikia amina. Walisubiri na mimi niitikie.

Nikaitikia.